Harufu ya Kopra Ukutani

Tulisafiri kwa treni kutoka Tabora, usiku na mchana, kisha Dar es Salaam tukapanda lori la magunia. Barabara wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo. Karibu na Mapinga lori likanasa, abiria tukashuka kusukuma. Mama alikuwa mjamzito, na alikuwa ananipeleka kwa mama yake nikae huko mpaka ajifungue. Tuliingia Bagamoyo mvua za vuli zikianza. Kabla sijamwona Bibi, nilikutana na harufu ya nyumba yake: kopra, yaani nazi iliyokaushwa, iliyokaa muda mrefu, karafuu kidogo, na kitu kingine kama moshi wa ubani.

Nyumba yenyewe haikuwa yake. Lilikuwa jengo la zamani la biashara, la mawe ya matumbawe na chokaa, lililojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua kopra na sandarusi, ule utomvu mgumu unaonukia. Ukoo wake ulishaondoka zamani, wapangaji wakajigawia vyumba. Bibi alipata cha mbele, chenye mlango wa nakshi, akauza humo udi, hina na mafuta ya nazi. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mchana nililala dirishani. Kila mwaka masika yalipokaribia, wapangaji walizipaka chokaa, watoto wakichovya makumbi ya nazi badala ya brashi. Mvua ikinyesha, mawe yalitoa jasho, na harufu ya bidhaa za zamani ikatoka nalo. "Bohari limeamka," Bibi alisema jioni ile tuliyofika, akaninyamazisha ili tulinuse.

Mjomba Sefu, mwanawe wa mwisho, alikuwa fundi uashi aliyejifunza kazi Dar. Bibi alikuwa akikohoa, na Mjomba aliona chanzo ni unyevu wa ukuta. Masika yalipokaribia, badala ya chokaa akaleta saruji.

"Mama, dunia nzima inajenga kwa saruji. Hutakohoa tena."

"Na bohari langu litapumulia wapi?"

"Jiwe linapumua, Mama? Basi tulitafutie na daktari."

Bibi alicheka hadi akashika kiuno, akamwachia. Nadhani alifurahi kuona mwanawe anamhangaikia. Ukuta ukawa laini, wa kijivu, na majirani wakaja kuupapasa na kutusifu. Mvua ikanyesha. Nikanusa, sikupata kitu. Maji yaliyozoea kutoka yalibaki ndani ya mawe, lipu ikavimba kama andazi, na asubuhi moja ikaanguka pamoja na mawe yenyewe, ikavunja meza ya Bibi. Yeye alikuwa uani anachemsha chai.

Jengo lilikuwa limeorodheshwa kuwa urithi, jambo ambalo hakuna aliyelijali mpaka siku hiyo. Watu wa mambo ya kale walikuja, wakatazama palipoanguka, wakasema litatengenezwa kwa chokaa kama zamani, lakini wapangaji wote watoke. Bibi angekwenda kwa dada yake kule Kaole, mimi nirudi Tabora kwa Mama, aliyekuwa amekwisha kujifungua. Mjomba aliacha kula nasi. Alikaa uani na mwiko wake wa kujengea, hamtazami mama yake.

Tangu hapo nimeishi Mpanda, Tunduru, Tanga, situlii. Vyumba vyote vimekuwa vya saruji, safi, visivyoniambia nani aliishi humo kabla yangu. Mwaka jana nilipita Bagamoyo. Jengo limesimama, jeupe, lina kibao cha maelezo na mgahawa. Nilisogeza pua ukutani mpaka mhudumu akauliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nilinusa chokaa mpya na kahawa. Nilifurahi kwamba limepona, nikaumia kwamba limepona bila sisi.

Siku tuliyoondoka, mizigo ikiwa tayari kwenye mkokoteni, Bibi alichota maji kwa kopo akayamwaga pale palipobomoka, juu ya mawe yaliyobaki wazi. Akangoja kidogo. Kisha akaita, "Sefu! Njoo hapa, daktari wa mawe."

Mjomba akaja, kichwa chini. "Nisamehe, Mama."

"Sikukuita uniombe radhi. Nusa."

Alisogeza uso, nami nikajipenyeza chini ya kwapa lake. Kopra. Sandarusi. Mjomba alibaki pale, paji la uso juu ya jiwe lililolowa, mabega yakitikisika, na Bibi akimpangusa mgongo kama mtoto aliyetoka kuoga. Mwenye mkokoteni alipiga mluzi, akapiga tena. Hakuna aliyegeuka.