Hoteli ya Mtaa wa Pili kutoka kwa Binti Yangu

Nilienda Ujerumani kumrudisha binti yangu nyumbani wakati miguu yake bado ilikuwa na nguvu ya kupanda ndege. Hiyo ndiyo kazi iliyonipeleka. Sikwenda kutembea. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa, na yeye mwenyewe aliniambia kwa simu bila kulia, kama mtu anayekuarifu kwamba mvua imekosa. Mke wangu miguu yake imevimba, hawezi kukaa kwenye ndege usiku kucha, kwa hivyo nikaenda mimi. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Kiingereza changu ni cha sokoni, na Kijerumani sijui hata cha kuomba maji.

Alinipokea pamoja na mume wake, Mjerumani. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na koti limemlegea mabegani kama limeanikwa kwenye ua.

"Baba, umekonda," akaniambia.

"Ni wewe umekonda, Mama."

"Mimi niko na sababu."

Ninamwita Mama kwa sababu alipewa jina la mama yangu. Kwetu mtoto akibeba jina la mama yako, ni mama yako huyo, hata ukimchapa unamchapa kwa heshima.

Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mtaa, ya matofali mekundu, na kabustani mbele. Mkwe wangu ni fundi wa mabomba yanayopasha nyumba joto. Ni mtu wa mikono, na kwa hilo nilimpenda tangu siku ya kwanza alipokuja kwetu na wazee wake, wekundu kama nyanya kwa jua la Kieni. Alinipandisha ngazi mpaka chumba cha juu, akafungua mlango. Rangi mpya ukutani, bado inanuka. Kitanda kipya, kirefu, kwa sababu alikumbuka mimi ni mtu mrefu. Alikuwa amekiunga mwenyewe. Akasimama kando, anangoja niingie.

Sikuingia. Nilisimama mlangoni nikatazama.

"Mwambie ni chumba kizuri sana," nikamwambia binti yangu. "Sasa mwulize hoteli iko wapi."

"Baba, tafadhali. Hapa si Kieni."

"Hapa ni wapi basi?"

"Ni kwangu."

"Ni kwa mume wako. Nitakula hapa, nitakunywa chai hapa, nitakaa mpaka mnichoke. Kulala, sitalala."

Wacha nieleze, kwa sababu kuna watoto wetu siku hizi hawajui. Kwetu mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Baba mkwe wangu alinyeshewa kwangu siku moja, mvua ya kung'oa mabati, na alienda kulala kwa jirani juu ya magunia ya viazi huku mke wangu akilia jikoni. Hakuna aliyembishia. Leo wako wazee wanaolala kwa wakwe zao mpaka wanashika rimoti ya televisheni. Mimi siko kati yao. Kanisani waniite mshamba, haidhuru.

Binti yangu akamtafsiria mume wake. Mwanaume hakunitazama mimi, alitazama kitanda. Akafunga ule mlango polepole, kama ndani mna mtu amelala.

Hoteli ilikuwa mtaa wa pili. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, kama Karatina ukiondoa soko, na ukiondoa soko la Karatina unabaki na nini? Barabara za mawe, kanisa lenye kengele, watu wanaopita karibu na kuta wakitazama chini. Jengo lilikuwa na rangi ya uji uliolala. Mlangoni hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kasanduku ukutani, unabonyeza tarakimu, ufunguo unaanguka.

Sasa mimi mwenyewe nina lojingi, nyumba ya kulala wageni, hapa Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki. Niliijenga kwa viazi. Nilianza kuvibeba kwa baiskeli, baadaye punda, baadaye pikapu, na kila msimu niliongeza ukuta. Hakuna mgeni anayelala kwangu bila mtu kumwona uso.

"Nani anajua nimeingia?" nikauliza.

"Mashine," binti yangu akasema.

"Na nikifia humu?"

"Watajua kesho wakija kutandika."

Tulicheka. Halafu nikaokota ufunguo.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda chembamba, kiti kimoja, na meza ya kutosha sahani na kijiko. Bafu ilikuwa kama kabati, unajigeuza huku umeshika kiwiko. Niliinua godoro kuangalia pembe zake, kama ninavyofanya kwangu mgeni akiondoka, na sikuona kunguni wala vumbi. Shuka zilikuwa nyeupe na ngumu. Nilimheshimu mwenye hoteli ambaye sikuwahi kumwona. Lakini kandambili hakuna, beseni hakuna, wala mtu wa kugonga mlango akuulize kama umeamka. Sabuni ilikuwa imegandishwa ukutani ili usiibebe. Hiyo nimeifikiria hata mimi.

Kilichonishinda ni giza. Huko mwezi wa kumi na moja jua linafungwa kama duka. Kabla hujamaliza chai ya jioni, taa za barabarani zimewaka, na mvua yao hainyeshi, inachuruzika tu, siku nzima, bila hasira. Ukutani nilisikia jirani akikohoa, mfanyakazi wa mjengo kutoka nchi nyingine, na yule ndiye mtu pekee wa hoteli niliyemjua kwa sauti. Asubuhi tulisalimiana kwa vichwa.

Chakula cha asubuhi kiliwekwa na mama mmoja mwenye mvi, mnene, asiye na maneno. Mkate mgumu, vipande vya nyama baridi, na yai la kuchemsha limesimamishwa kwenye kikombe kidogo na kuvalishwa kofia ya kufumwa. Nilicheka peke yangu. Hata yai lilikuwa na mtu wa kulifikiria lisipate baridi.

Binti yangu alikuwa akija hotelini mchana, akitoka hospitali. Alikaa kwenye kiti, mimi nikakaa kitandani. Siku ya kwanza alipopata pumzi nikamwambia wazi, sijui kuzunguka.

"Nimekuja kukuchukua, Mama."

"Najua. Mama ameniambia."

"Pahali nimekukatia. Karibu na nyanya yako, ule upande wa juu. Asubuhi unaona mlima wote."

"Nitauona kwa macho gani, Baba?"

Nikashika lingine. "Nimesikia makaburi ya hapa yanakodishwa. Miaka ikiisha, wanaingiza mtu mwingine."

"Ni kweli. Unaweza kuongeza miaka."

"Mimi nakodisha vitanda. Lakini mtu kukodi kaburi! Hata maskini wa mwisho kwetu hafukuzwi kaburini."

"Wewe na lojingi zako," akasema, na kwa muda nikamwona msichana aliyekuwa akinifulia mashuka kabla hajaenda shule, akilalamika.

Halafu akasema, "Lala kwangu usiku mmoja tu. Ukishalala, uniulize tena."

"Sitalala."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Mama, usinipeleke huko."

Akaanza kufunga vifungo vya koti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya zile dawa, na kila kifungo kilimchukua muda. Nilikaa na mikono yangu juu ya magoti. Angetaka nimsaidie, angesema. Ni mtoto wangu, tunafanana kwa hilo.

Siku zikaenda hivyo. Mchana nilikula kwao, na aliyepika ni mkwe, viazi na kabichi. Viazi vilikuwa vidogo lakini vitamu, nikamwambia, na alifurahi kuliko nilivyotarajia. Jioni alinisindikiza hoteli na mwavuli. Hatukuwa na lugha. Tulitembea kama ng'ombe wawili wa mkokoteni mmoja. Alingoja chini mpaka taa ya chumba changu iwake, ndipo akageuka kwenda. Nilimwona kutoka dirishani kila siku. Chumba alichokipaka rangi kwa mkono wake kilikuwa tupu, na yeye alisimama mvuani kuhakikisha mtu aliyekikataa amefika kitandani.

Asubuhi moja binti yangu akaja mapema, nikiwa bado mezani. Yule mama mwenye mvi alimtazama mara moja tu, akamletea chai bila kuulizwa. Binti yangu hakuigusa.

"Baba, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Kwa nini hulali kwangu?"

"Unajua."

"Nataka useme wewe."

"Kwa sababu umeolewa. Ile ni boma ya mwanaume mwingine."

"Si yako."

"Si yangu."

"Na mimi, ni wa boma gani?"

Ng'ombe akipelekwa dipu kuogeshwa dawa ya kupe huwa hajui kitu mpaka aingie kwenye kile kichochoro cha mbao. Akishaona maji, hawezi tena kugeuka, mbao zimembana huku na huku. Niliona maji.

"Mbuzi wa mahari walikuja uani kwako," akaendelea, sauti yake ya chini, bila ukali. "Bega la mbuzi likakatwa, ndoa ikafungwa, wazee wakala. Ukasimama ukasema kuanzia leo huyu ni wa watu hawa. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Mwanamke aliyeolewa anazikwa wapi, Baba?"

Watu waliosoma wangepata jibu. Wangesema dunia imebadilika, wangesema damu ni damu. Mimi nimejenga kila kitu nilicho nacho kwa neno moja: nikisema, nimesema. Niliuza viazi kwa mdomo kabla ya watu kuniamini kwa karatasi. Kama ile nyumba ni ya mume wake ninapotafuta pa kulala, haiwezi kuwa si yake ninapotafuta pa kumzika.

Nilijua pia kwamba mlango ulikuwa bado wazi kidogo. Ningesimama pale, nibebe begi langu, niende nikalale kwenye kitanda kile kirefu, na kesho yake ningeweza kumwambia: nyumba hii ni yako, wewe ni mtoto wangu, twende. Labda hilo ndilo alilolitaka. Labda alitaka tu kunisikia nikikoroma chini ya paa lake. Sikumwuliza, naye hakuniambia. Sasa hakuna wa kuulizwa. Lakini nisingelala pale. Kama ningelala, ningerudi kwangu na mtoto niliyempata kwa kugeuza neno langu, na hata yeye angejua.

"Kwa mume," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua yai langu, akalivua ile kofia, akalimenya kwa vidole vyake vibaya, ganda likitoka vipande vipande. Akala nusu, akanirudishia nusu. Tukakaa. Nje wanafunzi walipita na makoti ya rangi ya machungwa, na ndicho kitu pekee kilichokuwa na rangi mtaani.

Jioni, mezani kwao, nikamwambia: "Mwambie mume wako hivi. Nilikuja kumchukua. Nimemwacha."

Yeye alitumia maneno mengi kuliko yangu. Sijui aliongeza nini. Mkwe wangu aliinuka akaenda jikoni, akafungua mfereji, na maji yakamwagika muda mrefu bila chombo kinachooshwa.

Nilirudi peke yangu. Mke wangu alikuwa getini. Gari liliposimama, alitazama kiti cha nyuma, halafu akanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwake."

"Kwake wapi?"

"Kwa mume wake."

Hakunipigia kelele. Alichukua begi langu, zito vile, akalibeba mwenyewe na miguu yake ile mpaka ndani, na kwa wiki nzima aliniwekea chakula mezani bila kuketi. Wazee wenzangu wa Chaka hawakunyamaza. Mmoja, ambaye ananunua mbolea pamoja nami, aliniuliza mbele ya watu: "Ati unaweza kuacha mtoto azikwe kwa barafu, na wewe uko na mashamba?"

"Ameolewa," nikamwambia.

"Ameolewa na mzungu."

"Mbuzi wake uliwala. Walikuwa wa kizungu?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunifurahisha.

Alifariki kabla ya mvua ndefu, tukiwa tunachimba mashimo ya viazi. Mkwe alipiga simu ya picha siku ya mazishi. Mke wangu aliishika ile simu kwa mikono miwili, mimi nikavua kofia. Tuliona nyasi fupi, miti bila majani, watu wachache waliovaa nyeusi. Shimo lilikuwa limekatwa vizuri, pembe zake zimenyooka. Kisha picha ikageuka na uso wa mkwe wangu ukajaa kioo chote, macho mekundu, na akaanza kuongea nami. Aliongea sana. Alikuwa na jambo la kuniambia, nililiona likimtoka, na akingoja nijibu.

Sikuelewa hata neno moja. Aliyekuwa akitutafsiria alikuwa ndani ya sanduku.

Nikamjibu kwa Kikuyu, yote niliyokuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho.