Babu Tuliyemlilia Akiwa Hai

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka mtaa wetu wa Louisville, huku Marekani, hadi Jeffersontown, kwenye ghala ninakofunga makartoni, ni safari inayonitosha. Nikirudi, mimi na kochi ni mume na mke. Maneno hayo ni ya mke wangu. Kwa hiyo mwaka ule wa 2015, nilipopanda basi la Columbus na begi begani, majirani walidhani nimefiwa.

Chanzo ni binti yangu. Alikuwa na mimba ya mtoto wa kiume, akataka kumwita jina la baba wa mama yangu. Mama akaweka kijiko chini.

"Jina la mwizi halirudi katika nyumba hii."

Hadithi tuliijua sote. Babu aliiba ng'ombe wa misheni kule Kongo, milimani Itombwe. Wabelgiji wakamtia mnyororo, wakampandisha meli pale Baraka, wakamvusha Ziwa Tanganyika kwenda kufungwa Rumonge, upande wa Burundi. Mama alikuwa angali ananyonya. Wizi wa ng'ombe Mama alishamsamehe zamani. Asichosamehe ni kwamba kifungo kiliisha na mtu hakurudi.

Binti akajibu kwa Kiingereza chake kwamba basi, atamwita jina la mcheza mpira. Hapo ndipo nilipotafuta begi.

Columbus anaishi mama mkubwa, binamu ya mama, mwenye umri wa kukumbuka mambo. Alifungua mlango, akapiga kofi la mshangao.

"Eeh! Wewe umetoka nyumbani? Nani kakufungua kamba?"

Tulipokula alinieleza ambacho mama hakuwahi kuambiwa. Meli ilipoondoka, uvumi ulifika milimani kwamba wafungwa wote wamekufa kwa kuhara. Ukoo ukakaa matanga, watu wakanyoa nywele, wakamlilia mpaka mwisho. Kisha akataja mzee mmoja Mrundi wa Rumonge aliyekutana naye harusini. Siku hizi anaishi Buffalo. Mzee huyo ndiye aliyemuuliza mama mkubwa habari za watu wa Itombwe.

Usingizi ulinipaa. Nilitamani kochi langu kama mtoto anavyotamani titi. Asubuhi nikasema labda nirudi kwanza, niombe ruhusa kazini.

"Bon, rudi," akasema, akichanganya Kifaransa chake. "Umefika nusu ya njia, donc utampelekea mama yako nusu ya baba?"

Nikapanda basi la Buffalo, nikiapa njia nzima kwamba sitotoka tena.

Mzee yule alikuwa amestaafu kiwanda cha Tonawanda, anakaa kwa bintiye, huko Kenmore. Baba yake alifungwa mnyororo mmoja na babu.

"Aliiba, mwanangu, usijidanganye," alisema. "Mwenyewe alikuwa akitusimulia akicheka, eti ng'ombe yule alimshinda mmisionari kwa unene."

"Mbona hakurudi?"

"Nani kakwambia hakurudi?"

Nikaacha kutikisa mguu.

Kifungo kilipoisha, babu alivuka hadi Baraka. Pale gatini akakutana na muuza chumvi wa kwao. Yule bwana alirudi nyuma hatua tatu, akasema: sisi tulishakulilia, na mkeo kaolewa. Kwetu, aliyekwisha kuliliwa matanga hapigi hodi. Akiingia uani, watu husema kaja kuchukua mwingine, na wa kwanza kutajwa huwa mtoto wake. Babu alikaa pale siku tatu, akitazama mlima. Akamkabidhi muuza chumvi blanketi ampelekee mtoto wake, akapanda meli kurudi Rumonge. Aliishi uani kwa wazazi wa mzee huyu, akikamua mawese, mpaka alipokufa. Walimzika wao.

Nyumbani sikuvua hata koti. Nilimsimulia mama nimesimama, haraka, nikiogopa kwamba nikikaa nitapunguza maneno. Nilipofika kwenye blanketi akainua mkono.

"Jekundu," akasema. "Lina mstari mweusi."

Ndivyo alivyosema mzee.

"Waliniambia ni zawadi ya misheni." Akakunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua. "Nililala ndani yake mpaka likawa matundu matupu. Na kila usiku nilikuwa naombea misheni."

Binti yangu alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili: "Bibi, sasa?"

"Mwiteni jina hilo. Lakini blanketi lake nitalitafuta mimi."

Kutafuta mwenyewe, kwa mama, maana yake ni kunituma. Nikatumwa siku ileile, koti bado mwilini. Duka la kwanza hawakuwa na jekundu.