Sababu ya Kumchukua Minza

Sisi tuliokulia upande wa Nkoma kabla nguzo za umeme hazijafika tulijua kitu ambacho watoto wa leo hawakijui: kuchoka kwa kucheza. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa ya pamba. Asubuhi tulivuna mpaka ncha za vidole zikachubuka kwa maganda makavu, na jua likishapanda juu wakubwa walilala kivulini, sisi tukaachiwa mbuzi. Hapo ndipo siku yetu ilipoanza. Mfukoni tulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, vigumu kama mawe. Unaweka kimoja shavuni, unakaa nacho mpaka mbuzi washibe. Kiu ikizidi tulikunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, na hakuna aliyeugua. Au waliugua, sikumbuki. Kumbukumbu nazo huchagua.

Tulicheza rede, tulicheza mdako, lakini mchezo wetu mkubwa uliitwa Safari. Aliutunga binamu yangu Jilala, ambaye alikuwa darasa la sita na alishafika Bariadi mara mbili, kwa hiyo hatukuwa na la kumbishia. Kila mtu alikuwa na cheo. Jilala alikuwa ntemi, mtawala wetu. Masanja, mtoto wa jirani aliyeona njaa saa zote, alikuwa mwindaji. Mimi, Kabula, nilikuwa mfumu, mpiga ramli wa msafara, na nilikuwa na kibuyu cha kokoto nilichokitikisa kila njia panda. Ukishavaa cheo, huongei tena kama wewe. Masanja aliwahi kufukuzwa safarini kwa kusema anataka kwenda kujisaidia. Mwindaji, alisema Jilala, husema anakwenda kufuata nyayo.

Sheria nyingine ilikuwa hii: huwezi kumwingiza mtu mpya mpaka utoe sababu mbele ya ntemi, kwa kinywa cha cheo chako. Urafiki haukuwa sababu. Tulipokwenda kuvuka mto wa kujitungia tulimchukua mtoto mmoja mwongo sana, kwa kuwa mlinzi wa kivuko alikuwa amezoea ukweli na ukweli haukumtisha tena. Safari nyingine tulimchukua mmoja wa kulialia, kwa kuwa fisi akisikia kilio hudhani fisi mwenzake ameshawahi. Leo naona tulichokuwa tunafanya. Watoto wa rika letu tulikuwa wachache, wengine hawapendeki, na zile sababu zilikuwa njia yetu ya heshima ya kuchukuliana.

Ila Minza hakuna aliyewahi kumpatia sababu.

Minza alikaa na mama yake nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Alikuwa na miaka kumi kama mimi. Alitushtaki kwa mwalimu hata kwa makosa ambayo hatujafanya bado. Alihesabu michembe ya wenzake. Alitema mate kwenye kibuyu cha maziwa ili anywe peke yake. Alipokufa babu yake Masanja, watu wamekaa matangani wameinamisha vichwa, Minza alimsogelea Masanja akamwambia, "Mzikeni haraka, ameanza kunuka." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana hatukumsamehe. Mama yake alikuwa mkali kuliko yeye. Jina la Minza sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama yule. Alimwita "we kunguru", na Minza aliitika.

Sasa ng'ambo ya shamba letu kulikuwa na mahame. Mzee mwenye mji ule alihamia Katavi na ng'ombe wake na watoto wake wote, na waliondoka alfajiri moja bila kuaga, chungu cha uji kikabaki juu ya mafiga. Ua wa minyaa uliendelea kukua wenyewe mpaka ukawa mrefu kuliko nyumba. Mbuzi hawakuingia mle. Ungewafukuza mpaka mlangoni mwa ua, wangesimama, masikio mbele, kisha wageuke wote kwa pamoja.

Bibi yangu, mama yake baba, alitukataza kwa maneno ambayo bado nayasikia. "Mle msiingie. Mna kinachojifunza majina. Kinakaa kinasikiliza mnavyoitwa jioni, kinashika. Majina ya wanaopendwa ndiyo kinayoyajua zaidi, maana ndiyo yanayoitwa sana."

Mtoto ukimwambia hivyo, umeshamtuma.

Siku ile mama yangu alikuwa amekwenda msibani Zagayu tangu jana yake. Tulikuwa chini ya mgunga na mbuzi, Jilala akasimama juu ya kichuguu akatangaza kwamba nchi haina mvua mpaka kiletwe kigae cha chungu kutoka mji uliohamwa. Masanja akauliza kama mwindaji anaweza kula kwanza. Kisha Jilala akasema, "Na safari hii tunamchukua Minza."

Minza alikuwa palepale, hatua chache, anatafuna. Hakuwahi kualikwa lakini hakuwahi kukosekana.

"Ntemi," Masanja akasema, "huyu akija, mwindaji anabaki nyumbani."

"Sababu," nikasema mimi. Kama mfumu ilikuwa kazi yangu kuidai.

Jilala akaongea kwa ile sauti yake ya kitemi, nzito ya kujilazimisha. "Kilichomo mle huita watu kwa majina. Huita wanaopendwa. Sisi watatu tutaitwa. Lazima tuwe na mmoja ambaye hakijui jina lake, ili sisi tukipumbazwa yeye abaki na akili. Nani anamwita Minza? Hata mama yake hamwiti."

Hata sisi tulijua hilo lilikuwa zito kuliko mchezo. Nilitazama uso wa Minza nikitegemea atupige mawe. Alimeza alichokuwa anatafuna.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sibebi kitu, na nakula wa kwanza. Cheo changu nini?"

"Huna cheo."

"Basi mimi mkia," akasema. "Mkia ndio unaofukuza nzi." Alikuwa ameshaingia mchezoni kabla yetu.

Ilikuwa kama saa saba mchana, kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake. Hakukuwa na upepo. Tulipita mlangoni mwa ua tukiwa tumeshikana mashati, Jilala mbele, Minza nyuma. Ndani ya ua njiwa hawakulia. Huko nje walikuwa wakilia mchana kutwa, sasa ni kama mtu amefunga mlango.

Nilitegemea majani na miiba. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Michirizi ya ufagio ilionekana mchangani, ya mviringo, safi, kutoka ukuta mpaka ukuta, na juu yake hakukuwa na unyayo hata mmoja. Hata wa aliyefagia. Jiwe la kusagia lilikuwa pembeni. Jilala alipitisha kidole juu yake na kidole kikatoka cheupe kwa unga.

"Chukueni kigae twende," akasema. Sauti ya kitemi ilikuwa imemtoka.

Masanja akainama kutafuta. Ndipo nikasikia, "Kabula. Kabula ng'wana wane. Nzugu."

Kabula mwanangu, njoo. Ilikuwa sauti ya mama. Hata kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuita kilikuwamo. Ilitoka nyuma ya nyumba, si mbali, kama mtu anayekuita uje umsaidie kutua ndoo. Kichwani nilijua mama yuko Zagayu. Nilijua kabisa. Lakini miguu haikuuliza kichwa. Ninachokumbuka ni furaha: kwamba mama amerudi mapema, na hakasiriki kunikuta pale. Nilikizunguka kibanda cha ndama, nikaingia kwenye nyasi za kiunoni, na sauti ikawa karibu zaidi, na chini kidogo, kana kwamba amekaa.

Kisha nikang'atwa.

Minza alikuwa ameniangukia miguuni, meno yake yako kwenye shavu la mguu wangu wa kushoto. Nilimpiga kibuyu cha kichwa, kikapasuka, kokoto zikamwagika, hakuachia. Nilijiburuta hatua moja mbele pamoja naye, na kokoto zikatangulia mbele yangu ndani ya nyasi, zikapotea. Nilizisubiri zigonge chini. Ilichukua muda mrefu, halafu nikasikia maji.

Kilikuwa kisima cha ule mji, mdomo wake umefunikwa na nyasi, na vidole vyangu vya mguu vilikuwa vimeshapita ukingo.

"Kabula," ikaita tena, kutoka mle.

Minza akaachia meno, akanishika nywele, akaniburuta nyuma huku akinitukana matusi yote ya mama yake, moja baada ya jingine, kwa sauti ya juu mno. Yale matusi ndiyo yaliyonitoa. Niliyafuata kama kamba. Mlangoni mwa ua tuliwakuta Jilala na Masanja. Masanja alikuwa anasema kwamba babu amemwambia asogee amkune mgongo. Jilala alikuwa amekaa chini amejiziba masikio. Yeye alichosikia hakukisema siku ile, wala hajakisema mpaka leo, na sasa ana wajukuu.

Tulikimbia. Kigae hakuna aliyekichukua.

Mama alirudi kesho yake. Nilimsimulia nikingoja fimbo, lakini alikaa tu chini, akaugusa mguu wangu mahali penye meno. Kisha akajaza kibuyu maziwa ya mgando akanichukua kwa mama yake Minza.

"Mwadila, mayu," akamwamkia. "Nimekuja kushukuru. Mwanao amenirudishia mtoto."

"Nani? Huyo kunguru?" mama yule akasema, akitazama maziwa. "Huyo anajua kurudisha kitu?"

Wanaume wanne walikwenda na majembe na mawe kukifukia kile kisima. Walirudi jioni, na baba alinivuta kando. "Ule uwanja uliofagiliwa mliuona wapi?" akaniuliza. "Nyasi zilitufika mapajani kuanzia mlangoni. Tumekata njia kwa panga." Nilimwambia michirizi ya ufagio niliiona kwa macho yangu. Akasema nisimwambie bibi.

Siku chache baadaye tulikuwa shambani, mimi na Minza mistari miwili ya pamba inayopakana. Wakati huo ndipo nilipomuuliza. "Wewe hukusikia kitu, si ndiyo? Jilala alisema kweli. Hakikujua jina lako."

Aliendelea kuvuna. "Kiliniita," akasema.

"Kilikuitaje?"

"Minza. Kwa upole, kama mtu anayemwita mtu wake. Kwa sauti ya mama." Akatia pamba kwenye gunia. "Mama hajawahi kuniita Minza. Nikajua si yeye."

Nikamuuliza kwa nini basi alichelewa, maana alinikuta nimeshafika ukingoni.

"Kiliita mara tatu," akasema. "Mbili za kwanza nilikuwa nasikiliza tu."

Msidhani alibadilika baada ya pale. Alitembea kijiji kizima akisema ameniokoa, na kila aliposimulia, kisima kiliongezeka kina. Aliendelea kutushtaki na kutema mate kwenye maziwa. Hatukumpenda, nisiwadanganye. Lakini hatukwenda tena Safari bila yeye, na Jilala hakuuliza tena sababu. Miaka miwili baadaye mama yake aliolewa mbali na wakaondoka. Wengine husema Minza yuko Mpanda ana duka, wengine husema alifariki kwa uzazi. Mara moja, nikiwa mtu mzima, nilipita karibu na yale mahame wakati wa mchana, nikasikia mtu akisema "Minza" ndani ya ua, taratibu, kama anajifunza. Sikusimama.

Sasa naishi Bariadi mjini, nina binti wa kaka yangu anayesoma sekondari, naye ana mchezo kwenye simu ambamo watu wanasafiri kwenda kupigana na majini. Juzi nilikaa naye kuutazama. Kulikuwa na mmoja katika kundi lake mwenye uso wa chuki, kila neno lake tusi.

"Huyu naye vipi?" nikamuuliza.

"Huyo, shangazi, ana roho mbaya kinoma, anasaliti watu. Ila ana nguvu balaa."

"Ulitoa sababu gani kumchukua?"

"Sababu ya nini? Nimebonyeza tu. Akinizingua namfuta."

Akanionyesha anavyofutwa. Kidole kimoja, na yule mtu akawa hayupo, na wenzake wakaendelea kutembea bila hata kugeuka.

Sikumlaumu. Ni mtoto mzuri, ana adabu, anapika ugali unaoeleweka akilazimishwa. Ana marafiki mia tatu humo simuni na wote wanampenda, maana asiyempenda anamfungia asimwone tena. Enzi zetu hapakuwa na wa kumfungia. Kijiji kilikupa watu kilionao, ukakaa nao, ukawatafutia sababu, na usiku ukalala ukiwachukia vizuri. Tulitamani sana watoto wetu wasipate tabu ile, na Mungu ametusikia, hawaipati. Lakini nyinyi wa rika langu, mliovuna pamba vidole vikachubuka, nisaidieni kufikiri: siku mtoto huyu atakapoitwa kwa sauti tamu na kitu ambacho si mama yake, akaanza kukifuata, katika wale mia tatu wanaompenda ni nani atakayemng'ata?