Video Iliyokataa Kufunguka kwa Zdravko

Zdravko alikuwa na kichwa kigumu, tuseme hivyo mapema. Kwenye kompyuta yake ya Linux, ule mfumo huria, pale Gabrovo, mji wa Wabulgaria, hakikuingia kitu asichoweza kukisoma ndani. Wenzake walishusha kodeki za makampuni, vile vipande vya programu vinavyofungua video, wakatazama sinema zao kwa raha. Yeye, thubutu! Kila kitu alikijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, na kivinjari kilipokosa plagini ya kuonyesha video, alikaa bila video.

Mkewe Nevena alikuwa Uhispania, akimtunza bibi kizee wa watu. Miaka yote hiyo waliongea kwa sauti tu.

"Wenzangu wote hapa wanaonana na waume zao," alimtania. "Mimi nimeolewa na redio."

"Vumilia, mke wangu. Siku moja nitakuona hapahapa mezani kwetu, na bila takataka za makampuni."

"Haya. Siku hiyo nitavaa blauzi yangu ya buluu."

Basi Nevena akaanguka jikoni kwa watu, moyo ukasimama. Zdravko alikuwa ameteleza kwenye barafu, mguu umefungwa plasta, na hawezi kusafiri. Binti wa yule bibi kizee akampigia simu: mazishi yangeonyeshwa mtandaoni, moja kwa moja, wala hayangehifadhiwa. Jeneza lingekuwa wazi, kama desturi ya Wabulgaria. Walikuwa wamemvisha blauzi ya buluu, kwa sababu waliikuta imetundikwa peke yake, imepigwa pasi.

Anwani ya video ilimfikia asubuhi ya mazishi yenyewe. Akaifungua. Kikatokea kisanduku cha kijivu: plagini haipo.

Tsonka, jirani wa mlango wa pili, akaingia na sahani ya ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu.

"Kwangu imefunguka! Padri ameshaanza. Njoo!"

"Dakika tano."

"Dakika tano za nini? Si mkeo huyo!"

"Nilimwahidi mezani kwetu, Tsonka."

"Shika bega langu nikukokote. Achana na hilo dude, we mwanaume!"

"Nimesema nakuja!"

Plagini ya kampuni ilikuwa palepale kwenye skrini, kubonyeza tu. Hakuibonyeza. Alichukua msimbo wa ile huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma ndani, akaanza kuijenga. Ikagoma, kuna kipande kimepungua. Akakitafuta, akaanza upya. Jamani, mtu huyu! Lakini ukweli ni kwamba mistari ilipokuwa ikipita kwenye skrini, hakuwa mjane. Alikuwa fundi mwenye kazi mkononi, na kazi ile ilimzuia kulia.

Tsonka akarudi kwake, akaongeza sauti ya kompyuta yake makusudi. Nyimbo za wafu zikapenya ukutani, kwa Kibulgaria, na Zdravko akazisikia zote. Akakosea kuandika, akafuta, akaandika tena. Kisha kule ng'ambo ya ukuta kukawa kimya.

Ujenzi ukaisha bila kosa hata moja. Akafunga kivinjari, akakifungua upya, na picha ikaja safi, haikwami, haipepesi. Ilionyesha ukumbi mtupu. Mahali lilipokuwa jeneza palibaki meza, na mwanamume mmoja aliyevaa aproni alikuwa akifagia maua. Zdravko akasogeza uso karibu na skrini, akamtazama yule mfagiaji mpaka picha ikakatika.

Tsonka alirudi, macho yamevimba. Alikuja na matusi mdomoni, lakini alipomwona akayameza.

"Alivaa ya buluu?" Zdravko akauliza.

"Ya buluu."

"Nimemkosa, Tsonka. Nimemkosa kwa ujinga wangu." Akalia kwa sauti, kichwa juu ya meza ile ile. Alipoweza kusema tena akauliza, "Na nywele, wamemchana vipi?"

Tsonka akavuta kiti, akaanza kumweleza taratibu, nywele, uso, mikono. Zdravko akafumba macho na kusikiliza, kama alivyomsikiliza Nevena miaka yote.