Ubongo wa Panya Wazima

Mwaka ule wa mgao wa umeme nilikuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza ndani ya maabara ya dada yangu, nyuma ya nyumba kubwa za mtaa wa Lavington, Nairobi. Chumbani kwangu hakukukalika. Popote nilipoketi, miguu ilitaka kuwa pengine. Huko angalau kulikuwa na mngurumo wa friza, nao ulinituliza kidogo.

Ndani ya friza ile mlikuwa na miaka mitatu ya kazi ya dada. Alichunguza jinsi ubongo unavyokua, hasa pale mama anapougua akiwa mjamzito. Mwili wa mama ukipambana na maradhi, alinieleza, mchochota, yaani ule moto na uvimbe wa vita, humfikia mtoto. Hapo seli zinazolinda ubongo mchanga huchachamaa, zikakata hata nyuzi zilizostahili kubaki. Alifanya kazi na panya. Ubongo wa kila kitoto, mdogo kuliko harage, ulikaa kwenye kichupa chake: kifuniko chekundu kwa waliozaliwa na mama wagonjwa, buluu kwa wa mama wazima. Vyote vilikuwa vipimwe mwezi uliofuata. Bila vipimo hivyo wafadhili wangeifunga maabara.

Asubuhi moja umeme ulipotea. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Dada alikimbilia River Road kutafuta spea, akaniacha nikiitazama namba ya joto la friza ikipanda. Saa sita akapiga simu.

"Haipatikani haraka. Unajua wale watu wa aiskrimu za baiskeli? Bohari yao iko Kawangware. Wana barafu kavu, ile inayotoa moshi. Chukua yote watakayokupa. Halafu nipigie kabla hujapakia vichupa, umesikia?"

"Nimesikia."

Nilitoka mbio na sanduku la sponji, kama la wauza samaki, begani. Askari wa geti la jirani akaniita, "Niaje, mwandishi! Vitabu vimekataa, sasa ni samaki?" Nikazidi kukimbia.

Pale bohari, mzee mwenye glavu za ngozi alinitazama nikihema.

"Aiskrimu ngapi?"

"Sitaki aiskrimu, baba. Nataka barafu tu."

"Wateja wa Nairobi! Mwingine anataka koni bila aiskrimu, wewe unataka moshi." Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Ni ya mgonjwa?"

"Ni ya dadangu."

Akanijazia nusu sanduku. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

Niliporudi, friza ilikuwa imeanza kutoa jasho. Barafu ile ingetosha nusu ya vichupa. Nilishika simu, nikaizungusha mkononi, nikaiweka mezani. Kusubiri kuliniwasha mwilini kama upele. Tena, cha kuuliza ni nini? Nilijua hadithi iko wapi. Iko kwa wagonjwa. Nani angeandika kitabu kuhusu watu ambao hawakupatwa na chochote? Nikapakia vyekundu vyote, haraka, vidole vikiungua kwa baridi, nikafunga sanduku nikijiona shujaa.

Dada alifika saa kumi, spea mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifungua sanduku. Akageuza vichupa kimoja kimoja.

"Wazima wako wapi?"

"Nimeokoa wagonjwa. Wote, dada. Hakuna hata mmoja..."

"We mtoto." Hakupaza sauti. "Sasa nitawalinganisha na nani?"

Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka kuzirai. Kila mgonjwa alikuwa na mwenzake mzima wa umri uleule. Ukimtazama mgonjwa peke yake, hujui kilichokatwa, kwa sababu hujui kilichopaswa kuwepo. Yeye angepakia nusu ya wagonjwa na nusu ya wazima, jozi kwa jozi.

"Nilikwambia unipigie."

"Najua."

Ubongo kwenye vichupa vya buluu ulikuwa umelegea, maji mekundu chini. Dada aliita fundi, jenereta ikawaka, lakini kwa hao wazima haikusaidia kitu. Alivuta daftari lake, akakaa kwenye kiti changu.

"Panya hubeba mimba wiki tatu," alisema. "Nitazalisha wazima wengine, niombe wafadhili waniongezee muda. Wakikataa, basi. Soma namba."

Nikasimama pale, mimi nisiyeweza kutulia mahali pamoja, nikatoa kichupa kimoja kimoja kwenye friza, nikasoma namba, nikakitupa, naye akaipiga mstari. Kwenye safu ya tatu nikawa nakigeuzageuza tu kichupa mkononi.

"Soma," akasema, bila kuinua macho.

Nikasoma.