Dizeli, Petroli na Mguu wa Baba

Pikapu yetu ya zamani ilikufa kifo cha heshima. Iliegeshwa jioni ikiwa nzima, asubuhi ikakataa kuwaka, na fundi akafunika boneti akasema tusimsumbue Mungu bure. Hapo ndipo familia yetu ilipoingia katika mjadala wa dizeli na petroli. Mjadala ule ulichukua miezi miwili. Nataka ijulikane mapema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejali mafuta.

Baba huuza malisho. Hupanda Timau na trela, akapakia marobota ya nyasi kavu na mabua ya ngano, akateremka nayo Nanyuki, Kiganjo na Nyeri mpaka kwetu Othaya, ambako ng'ombe ni wengi na nyasi ni za kugombania. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi. Sasa goti lake la kushoto limekwisha. Likikunjwa, halinyooki mpaka alisaidie kwa mkono. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Kwetu humwambii baba yako ana kwa ana kwamba kitu kimemshinda. Unatuma mtu wa rika lake. Tulimtuma yule fundi, rafiki yake wa miaka yote, mtu mwenye mvi na maneno. Alikwenda, akanywa chai birika nzima, akarudi akatuambia wamezungumza vizuri sana kuhusu chumvi ya ng'ombe. Kwa hiyo mimi nikashika petroli.

Nilishika petroli kwa sababu pikapu za petroli zilizokuwa kwenye yadi ya magari pale Nyeri zilikuwa otomatiki. Hazina klachi. Hilo sikulisema. Nilisema petroli inawaka upesi kwenye baridi. Nilisema haina moshi wala kelele, na haina mambo ya pampu kufa ukiuziwa mafuta machafu. Niliitetea petroli kama mtu aliyeokoka Jumapili iliyopita. Baba alinisikiliza mpaka mwisho akipuliza chai.

"Mama," akasema. Mimi ni kifungua mimba na nina jina la mama yake, ndiyo maana ananiita hivyo. "Petroli ni ya kupeleka watu kanisa. Trela iko na tani mbili. Itavuta, sikatai, lakini itakunywa mafuta mpaka ikunywe na shamba. Dizeli inavuta kutoka chini. Na ukiteremka, injini inakushikilia."

Alisema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikamfuata mama yangu jikoni.

"Si wewe ndiye mama yake?" akaniambia. "Mkataze."

"Mkataze wewe. Ni bwanako."

"Mimi? Ng'o!" Akarudi kwa viazi vyake.

Tukaendelea kuzunguka mbuyu hivyo hivyo. Baba akisema dizeli, alimaanisha bado anaendesha. Mimi nikisema petroli, nilimaanisha ataendesha mpaka lini? Kila mmoja alimwelewa mwenzake vizuri, ndiyo maana hatukuelewana.

Mwishowe ikapatikana pikapu ya dizeli Nanyuki, ya mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu mpole asiye na haraka. Gia zake ni za mkono. Alitukabidhi ufunguo na trela ya kuazima, akabaki na gari langu dogo kama amana.

"Nendeni nayo Timau mkapakie," akasema. "Gari halijaribiwi tupu. Hata ng'ombe hununui kabla hujamkamua."

Tulipakia marobota mpaka trela ikanung'unika, kisha tukageuza kuelekea nyumbani. Baba kwenye usukani, mimi katikati, na fundi, tuliyekuja naye kukagua injini, dirishani. Mpaka Nyeri mambo yalikuwa sawa, kwa sababu barabara ile haimdai mtu klachi sana. Baba hata aliimba, na Baba haimbi. Nikaanza kufikiri labda nimekuwa mbaya bure.

Kisha tukavuka daraja la Gura, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima, lori la majani chai likasimama mbele yetu. Na sisi tukasimama.

Lori likaondoka. Baba akajaribu kulifuata, gari likazima. Mara ya pili likaruka, likazima, trela ikatuvuta nyuma, nami nikaikwida handibreki kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameshatoka nje akitafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu. Mara ya tatu Baba alilishika goti lake kwa mkono, akalisukuma chini kama mtu anayeshindilia gunia lililojaa. Goti likakataa. Niliogopa. Nilimhurumia, kisha nikajikasirikia kwa kumhurumia.

"Hii injini haina nguvu," Baba akasema, akitazama mbele.

Fundi alikuwa amefika dirishani na jiwe mkononi. Asubuhi ile ile aliikagua injini hiyo akaniambia inaweza kung'oa kanisa na msingi wake.

"Haina," akasema. "Hata kidogo."

"Haina kabisa," nikasema mimi.

Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Baba akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi ni waongo," akasema. "Wote wawili. Na huyu mzee wa jiwe ndiye mkubwa wenu."

Akafungua mlango. Akashuka polepole, akazunguka mbele ya gari ameshikilia boneti, mkono mmoja baada ya mwingine, honi zikilia naye hazijali. Akafika upande wa abiria, akanikuta bado nimekaa katikati.

"Mama, songa huko. Ama unataka tulale hapa?"

Nikasonga mpaka nyuma ya usukani. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akipanda gari la kazi kwa mlango ule. Fundi akasema yeye atatembea mpaka juu, ati ananyoosha mgongo, tumngojee huko. Nikakanyaga klachi, nikaachilia handibreki, na pikapu ikaondoka na tani zake mbili bila hata kukohoa.

"Si nilikuambia?" Baba akasema. "Dizeli inavuta kutoka chini."

"Uliniambia, Baba."

"Hiyo petroli yako ingekuwa bado inalia."

"Ingekuwa inalia."

Akaligeukia dirisha, akatazama mashamba ya chai.

"Nunua hii," akasema. "Wewe ndiye utakuwa ukiendesha."

Nikaitikia kwa kichwa, jambo ambalo hakuliona. Juu ya mlima tulimngojea fundi, akaja akihema, akapanda, akafunga mlango.

Kutoka pale mpaka Othaya ni kona na miinuko, gia juu, gia chini. Kila nilipotaka kubadilisha, nilisikia kiatu cha Baba kikisugua sakafu, mguu wake wa kushoto ukikanyaga mahali pasipo na kitu. Ulikuwa unachelewa. Basi nikawa nachelewa nao, sibadilishi gia mpaka ufike chini.