Mtaro wa Mita Moja na Nusu

Kuna mama mmoja wa Busunzu ambaye nilikaribia kumbomolea nyumba nikiwa nimekaa zangu Kasulu, kwenye kiti cha plastiki, na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Sikumjua, naye hakunijua.

Kazi yangu ni kusanifu barabara. Kwenye programu tunayotumia, kila kipande cha barabara unakipa umbo lake: upana wa lami, mabega, mitaro ya pembeni. Kwenye mtaro kuna kisanduku kidogo cha kuandika kina. Bondeni, ambako maji ya mlima mzima hushukia barabarani, niliandika mita moja na nusu, na pale nilikuwa sahihi. Kisha, badala ya kupiga hesabu upya kwa vipande vilivyofuata, nikanakili umbo lile lile hadi mwisho wa mchoro. Ulikuwa uvivu, ila mimi niliuita kasi.

Kinachoudhi ni kwamba mtaro hauendi chini tu. Kuta zake zimelala, kwa hiyo kila ukiuzamisha, mdomo wake unapanuka na kula ardhi ya pembeni. Kwenye skrini niliona mstari wa kijani, ule wa ukingo wa mtaro, umesogea kidogo, basi. Kule Busunzu mstari huo ulipita katikati ya sebule ya watu. Wapimaji wetu wakafuata mchoro, wakachora X nyekundu ukutani.

Nilikwenda kukagua wiki mbili baadaye. Nikanyoosha mkono nigonge mlango, nikakuta hakuna mlango. Nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, bati bado linang'aa, na pale pa kuingilia pamening'inizwa kitenge.

"Mwakeye! Pita tu," mama akanisalimu kwa lugha ya huko kutoka ndani. "Mlango nimeshaupeleka kwa jirani. Greda likija lisiuvunje nao."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba ameanua nguo kwa sababu mvua inakuja. Nikajitambulisha, akanipa kigoda. Akaniambia alifika nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi, na sasa ni raia, karatasi anayo. Nyumba waliyoiacha kule haikumbuki. Hii ya sasa waliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali walifyatua wenyewe.

"Mama yangu alikimbia bunduki," akasema. "Mimi nakimbia nini, injinia? Mtaro?"

Nikafungua mchoro nimweleze kwa nini mtaro lazima uwe mkubwa, maana ndiyo tabia yetu tukibanwa, tunafungua makaratasi. Nikatafuta mlima unaoleta maji. Haukuwepo. Nyumba ile ilikuwa juu kabisa ya mgongo wa kilima. Mvua ikinyesha, maji yanagawana pale pale uani, mengine yanateremka huku, mengine kule. Sasa mtaro wangu ulikuwa unasubiri maji ya nani? Nikaugeuza mchoro, nikautazama tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Nadhani kuna kosa," nikasema. "Kosa langu. Lakini ngoja nihakikishe, nisikupe matumaini ya bure."

"Ego," akasema. Sawa.

Njiani kurudi Kasulu, nakiri, nilifikiria namna ya kuwasukumia wapimaji lawama. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Asubuhi nikaketi, nikapiga hesabu ya maji mara mbili, kisha ya tatu kwa woga. Sentimita sitini zilitosha, na bado sakafu ya mtaro ingekuwa chini ya tabaka la changarawe linalobeba lami, barabara isilowe. Nikafuta namba ya zamani, nikaandika mpya. Mstari wa kijani ukatoka sebuleni, ukavuka migomba, ukatulia karibu na barabara. Nilifarijika.

Hotuba niliiacha. Nikamwambia bosi wangu ukweli. Ni mtu mkali, lakini hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na vile vipande vingine ulivyonakili?"

Sikuwa nimevifikiria! Tulivipitia kimoja kimoja siku nzima. Tulikuta shamba moja la mihogo lililokuwa limeliwa bure, nalo tukalirudishia mpaka wake. Mchoro mpya ulipopitishwa, bosi akanirudishia karatasi yake yenye sahihi.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema. "Usimtume mtu."

Nilimkuta mama anapura maharage. Nikamwambia nyumba haiguswi, nikamwonyesha mstari na sahihi. Akaitazama ile karatasi. Nilitarajia machozi au kigelegele. Akainuka, akapangusa mikono, akasema, "Twende tukaubebe."

Tukaenda kwa jirani, tukaubeba mlango sisi wawili, yeye mbele mimi nyuma. Mbao za mninga, nzito kweli kweli. Tukapumzika mara mbili katikati ya barabara ileile niliyoichora. Ile X aliisiliba kwa udongo kabla hata ya kufunga bawaba.

Mlango ulipokaa sawa, akaingia ndani peke yake, akaufunga. Nikasikia komeo likiingia. Nikabaki nje, mabega yananiuma.

"Haya, injinia," akasema kutoka ndani. "Sasa piga hodi."

Nikapiga. Akaniacha nirudie mara ya pili ndipo akafungua.